Singo maza: ukienda kazini mtoto unamwacha na nani? Tupeane uzoefu

Mama Ile wa Mbagala: Habari zenu wakuu. Zile siku 84 za likizo ya uzazi zinaisha Ijumaa. Deikea ya mtaani kwetu wanapokea kuanzia miaka miwili, wangu ana miezi mitatu. Dada wa kazi niliyeletewa kutoka Singida kakaa siku nne, kaondoka na kanga zangu. Mliopitia hii mlifanyaje?

Chausiku K: Tumbo limenikata. Pole shoga.

Kidume Original: Baba yake yuko wapi?

Binti Tandale: Kabadili namba, kama nyie wote. Dada, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai matunzo. Nenda ustawi wa jamii.

Kidume Original: Nauli ya kufuatilia itazidi hayo matunzo.

Nipo Leicester: Mmenitonesha. 2019, mwanangu mwaka na nusu, nikapata kazi nyumba ya wazee. Huku Uingereza kuna Universal Credit, posho sita za serikali wameziunganisha kuwa moja, na ukifanya kazi wanakurudishia hadi asilimia 85 ya ada ya deikea. Kikomo enzi hizo pauni 646 kwa mwezi, mtoto mmoja. Sasa sikia hapo kwenye KUKURUDISHIA. Unalipa kwanza, unatuma risiti, unasubiri. Deikea ikataka amana na mwezi mzima mbele. Nikakopa kanisani. Risiti yangu haikuwa na tarehe, wakaikataa. Mwezi wa pili nafika mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua, naambiwa mtoto haingii mpaka deni liishe. Nikapanda naye basi hadi kazini. Bibi mmoja wa miaka 91 akampakata, akampa biskuti aliyoloweka kwenye chai yake. Saa nne msimamizi akaingia. Saa nne na robo niko kituoni nasubiri basi, sina kazi. Tangu 2023 anayeanza kazi anaweza kulipiwa kwanza, na kikomo kilipanda hadi 951. Mimi nilishaumia.

Chausiku K: Huyo bibi jamani 😭

Mzee wa Busara: Msimamizi alifuata utaratibu. Wazee wana magonjwa.

Binti Tandale: Utaratibu unanyonyesha?

Kidume Original: Asilimia 85 halafu mnalia? Njooni Bongo.

Mlengwa wa Mtwara: Sisi wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, ruzuku ni kila miezi miwili, na mtoto asipofika kliniki wanakata. Siku za zile ajira za muda za TASAF, mmoja wetu anabaki chini ya mwembe na watoto wote, kesho mwingine. Jembe lake tunamlimia.

Mzee wa Busara: Mpeleke kwa bibi yake kijijini, mambo yaishe.

Mama Twins: Wa kwanza nilimpeleka Tanga. Alivyorudi akaniita shangazi. Usithubutu. Mbane bosi, sheria ya kazi ya 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Mama Ile wa Mbagala: Saa mbili kutoka Posta? Nitanyonyesha kwenye foleni ya Rangi Tatu.

Mama Wawili Kizuiani: Nipo jirani yako, nauza vitumbua nyumbani. Njoo PM, wiki mbili nakaa naye.

Chausiku K: Mtoto hapewi mtu wa mtandaoni!

Mama Ile wa Mbagala: Nimeshaenda PM, kesho napita kumwona. Ila huyu chupa anatema, anataka ziwa tu. Mnawazoeshaje kwa siku tatu?