Poda na rangi ya mashavu: tupeane uzoefu, wewe ulijuaje inayokufaa?

Dada wa Ntinda

Habari zenu wapendwa. Jana nimekaa na mdogo wangu tunaangalia picha za kwanjula yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi. Vazi la gomesi limemkaa, mkanda umefungwa vizuri, shangazi yuko pembeni anatabasamu. Ila kila picha iliyopigwa baada ya jua kuzama, uso wake ni mweupe kama kamwagiwa unga wa muhogo, na shingo iko na rangi yake. Amelia sana. Mchana alipendeza, mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mkono kumtoa nje na sikuona kasoro yoyote.

Ndiyo maana nimeleta mada hii. Kila mtu aseme lililomkuta mwenyewe, si la kusikia. Ulikosea wapi, na sasa unafanyaje? Na nyie weusi tii kama mimi, mashavuni mnapaka rangi gani hadi ionekane?

Naanza. Kwa miaka nilikuwa najaribu poda mgongoni mwa mkono, ndani ya duka, chini ya taa nyeupe. Mkono na uso havina rangi moja, lakini nani alinifundisha? Siku moja karibu na teksi paki nikakutana na muuzaji mmoja, mama wa makamo, akanikataza kabisa. Akanichora mistari mitatu kutoka tayani kushuka shingoni, kila mstari poda yake, akanipa kioo kidogo: "Nenda nje juani, rudi baada ya nusu saa." Nikaenda kunywa chai. Kurudi, mstari wa kwanza mafuta ya ngozi yameugeuza rangi ya chungwa. Wa pili kijivu. Wa tatu nikautafuta kwenye kioo sikuuona. Ndio nilionunua.

Mpiga Picha

Dada, mpe pole mdogo wako. Mimi napiga picha za harusi na hili naliona karibu kila wikiendi. Poda nyingi za unga zile wanazoziita hazina rangi zina silika. Chembe zake zinachukua mwanga wa flashi na kuurudisha kwenye lenzi. Losheni ya kuzuia jua yenye zinki au titani nayo inaweza kufanya hivyo hivyo. Mchana mwanga unatoka kila upande kwa hiyo jicho halioni kitu. Kiza kikiingia tunawasha flashi, mambo yanajitokeza, zaidi chini ya macho maana ndipo inaporundikwa.

Ombi langu: kabla bibi harusi hajatoka chumbani, zimeni taa, mpigeni picha moja ya simu yenye flashi. Sekunde kumi tu. Ikitoka nyeupe, ifagieni kwa brashi kubwa safi, kisha mpige tena.

Dada wa Ntinda

Chini ya macho ndipo ilipozidi hasa. Kumbe.

Mama Kambini, Bombo

Wanangu hamjambo. Nimeolewa na mwanajeshi, nimekaa Gulu, nimekaa Mbarara, sasa niko Bombo. Miaka ya 1980 poda iliyotufikia sisi kambini ilikuwa rangi moja, waridi mpauko. Ukiipaka unakuwa kama umelala jikoni kwenye majivu. Niliiacha. Napaka mafuta kidogo, nafuta kwa kitambaa, natoka.

Mashavuni nilitumia lipustiki ya damu ya mzee, na hadi leo naitumia. Natia nukta mbili kiganjani, nasugua kwa kidole cha kati hadi ipate joto na ilainike, halafu nagusa juu ya mfupa wa shavu na kuisukuma kuelekea sikio. Naigusa tu, siipaki. Mwaka jana binti yangu kaniletea ya waridi kutoka Kampala, nzuri ndani ya kijaluba. Nikapaka, haikuonekana. Akaongeza, ikawa vumbi. Nikamwambia mwanangu, ngozi hii inataka rangi nzito, usiiogope.

Mnyonge wa Vipodozi

Shikamoo Mama Kambini. Mimi ni Mtanzania nasoma Makerere, na maneno yako yamenigusa. Nikiwa sekondari nilidhani kasoro ni ngozi yangu, kwa sababu kila poda dukani iliishia kwenye kahawia hafifu. Iman, yule mwanamitindo Msomali, alikuwa ameanzisha vipodozi vyake tangu 1994, ila mimi sikuwahi kuviona. Fenty Beauty, vipodozi vya mwanamuziki Rihanna, walipotoka 2017 na fondesheni za rangi 40 ndipo watu wakaanza kulizungumza hili kwa sauti. Sina uwezo wa kununua hizo, lakini nilipoziona nilielewa kwamba kosa halikuwa langu.

Lililonikuta: siku ya harusi ya rafiki yangu nilipaka poda kwanza, kisha rangi ya mashavu ya krimu juu yake. Ikaganda mabaka mabaka, kama ukuta uliobanduka rangi. Nilinawa uso wote na tukachelewa kanisani. Krimu inatangulia, poda inafuata. Kama rangi yenyewe ni ya unga, hiyo ndiyo inakuja baada ya poda. Sasa natumia rangi ya matofali na inakaa.

Wa Arua

Huku kwetu kiangazi jua halina huruma. Nilikuwa kila nikitoka jasho naongeza poda, kufika saa tisa uso una tabaka na mistari pembeni mwa pua. Sasa nakandamiza tishu kwanza hadi inyonye, wala sisugui, ndipo naongeza kidogo puani na kipajini tu. Mashavu nayaacha.

Mama Pacha

Poda yangu ya kukandamizwa ilivunjika kwenye boda, barabara ya Jinja. Nilitaka kuitupa. Jirani akaniambia iponde yote iwe unga, dondoshea spiriti ya famasi hadi iwe kama uji mzito, funika tishu, kandamiza kwa kitako cha glasi, acha wazi usiku kucha. Asubuhi imeshikana. Nimeitumia miezi minne.

Fundi wa Maharusi, Mbarara

Nimesoma yote. Ninayoyaona kazini ni mawili. La kwanza, sponji na pafu, kile kitambaa laini cha kupakia poda. Kuna mteja alinijia na vipele kidevuni, kila poda ameilaumu. Nikamwomba pafu yake: ngumu, inang'aa kwa mafuta, hajaifua tangu ainunue. Fueni kwa sabuni kila wiki na ikauke kabisa. La pili, rangi ya mashavu isishuke chini ya usawa wa pua, uso utaonekana umechoka. Kung'uteni brashi kwanza.

Na wewe kaka Mpiga Picha, flashi usielekeze usoni moja kwa moja. Ielekeze darini, hata poda ikizidi haitasema sana.

Mpiga Picha

Ni kweli nyabo, ukumbini nafanya hivyo. Kwanjula nyingi ni kwenye hema uwanjani, dari sina. Nitatafuta kitambaa cha kulainisha mwanga.

Dada wa Ntinda

Nimerudi. Poda ya siku ile ilikuwa imebaki kidogo kwenye mkoba wa mdogo wangu, leo jioni tumeijaribu. Tumezima taa, nimempiga kwa simu: weupe ule ule. Akanawa, nikampaka ile yangu ya mstari wa tatu kwa sababu rangi zetu ni moja, na juu ya mashavu nikamgusia lipustiki ya damu ya mzee kama alivyoeleza Mama Kambini, nikiitanguliza kabla ya poda. Nimempiga tena. Uso na shingo kitu kimoja, na mashavu yamepata uhai. Ameishika simu muda mrefu. Jumamosi atavaa gomesi tena, tupige picha tatu tu, yeye na shangazi.