Tupeane uzoefu: ujuzi gani wa kazi ya zamani umekubeba kwenye kazi mpya, na upi umekuangusha?

Wakuu habari za mchana. Mimi nimeshona nguo miaka tisa kabla sijaingia kwenye kuchomelea mageti na madirisha, na mpaka leo nashangaa mikono inakumbuka vitu ambavyo hakuna aliyenifundisha pale karakana. Kuchora kwanza kwa chaki ndo ukate, kuona kwa macho tu kwamba upande huu umezidi, yote nilikuja nayo toka kwenye cherehani. Ila geti la kwanza nililoachiwa nitengeneze peke yangu kila bomba nililizidisha sentimita mbili, maana kitambaa lazima uache ya kukunjia, basi geti likagoma kuingia kwenye fremu na mteja kashafika na pikap. Bosi hakusema neno. Nilikata upya usiku ule mpaka saa sita. Haya kwenu ilikuwaje?

Konda mstaafu:
Nilikuwa konda Mbagala Kariakoo. Asubuhi gari imeshona, mtu anakupa elfu kumi anakwambia kata wanne na mwanafunzi mmoja, unarudisha chenji huku unaita vituo na unajua nani pale nyuma hajalipa. Sasa nina duka la jumla, mteja akitaja vitu sita jumla ninayo. Sura pia, mtu akikopa simsahau. Kilichonigomea ni kuandika, ukonda hauna daftari, jioni unampelekea tajiri hesabu yake imeisha hiyo, kwa hiyo mwaka wa kwanza mtaji ulikatika nusu na sikujua umetokea mlango gani. Iliniuma sana aisee.

Mwalimu wa hesabu:
Kaka konda umenigusa. Kuna utafiti ulitoka 1985, ulifanyika Recife kule Brazili, watoto watano wanaouza vitu mtaani. Watafiti walikwenda kama wateja, nazi moja ni 35 je kumi ni ngapi? Mtoto akawaza kwa sauti, tatu ni 105, ongeza tatu 210, akaenda hivyohivyo mpaka 350. Mtaani walipatia 98%. Baadaye watoto walewale wakapewa hesabu za namna hiyo kwenye karatasi kama shuleni wakapata 37%, zilipowekwa kwenye maelezo ya kununua na kuuza wakapanda mpaka 74%. Mimi nina wanafunzi wanaouza genge na mama zao na kwenye mtihani wanapata sifuri, na nilishawaita wazito. Nawaomba radhi hata kama hawatasoma hapa. Siku hizi kuzidisha naanzia kwenye fungu la nyanya ndo niende ubaoni.

Dereva, Muscat:
Dar niliendesha kenta miaka sita. Huku Oman wanapita kulia na usukani uko kushoto, nikajua siku mbili nimezoea. Breki, kukadiria nafasi, kusoma akili ya dereva wa mbele, hivyo vilinifuata bila shida. Shida ni vile ambavyo mwili unafanya bila kukuuliza, nataka indiketa nawasha waipa, na kwenye kipilefti shingo inageuka kulia wakati gari zinakuja toka kushoto, wiki ya pili nusura nigongwe na lori na mtoto wa bosi yuko kiti cha nyuma. Nilibandika karatasi kwenye dashibodi, KUSHOTO KWANZA, nikakaa nayo miezi mitatu.

Msusi:
Mimi nilisuka rasta toka darasa la sita sasa nasomea unesi. Kushona kidonda tulianza kwenye sponji, vidole havikunipa shida kabisa, ila nilikuwa navuta uzi kama nakaza nywele, sista akanishika mkono akasema taratibu mwanangu, hiyo ni nyama.

Mleta mada:
Asanteni sana. Dereva hiyo ya karatasi naibeba, nimepokea kijana jumatatu naye katokea kwenye cherehani, kesho asubuhi nambandikia pale kwenye grinda: USIACHE YA KUKUNJIA.