Naomba ushauri: draivu inakata, yasema mota imekwama

Salaam aleikum wakuu, niko Malindi, kuna mashini ya kusaga barafu ya samaki, mota 5.5 kW fezi tatu, amp 11, yaendeshwa na draivu (kifaa kinachobadilisha Hz za umeme ili kupandisha au kushusha spidi ya mota). Ikiwa tupu yazunguka safi, ila ukitia barafu tu, iko chini ya 10 Hz, amp zapanda mpaka limiti, shafti yasimama, draivu inakata kwa foti (hitilafu) ya mota kukwama. Nishafungua kapling (kiungo cha mota na giaboksi), giaboksi yazunguka kwa mkono, beringi nzima, mega (kipimo cha insulesheni ya waya za mota) yasoma vizuri, data za mota nimeingiza kama zilivyo kwenye kibati chake. Muda wa kupanda spidi nimetoa sekunde 5 nikaweka 15, bado. Fundi mmoja aniambia nizime hiyo foti kabisa, mi sitaki, mota si itaungua jamani.

Sasa niongeze volteji ya kuanzia, ama nihamie vekta (draivu idhibiti yenyewe nguvu ya mota ya kuzungusha) nifanye otochuni (draivu ijipimie mota) kwanza? Na limiti ya amp nikiweka asilimia 150 kwa muda mfupi, mota itastahimili?