Mdoriani wangu umezaa: nichume au nisubiri lianguke?

Mkulima wa Jioni: Wakuu, heshima kwenu. Hapa nyumbani Mkuranga nina mdoriani, mti wa doriani, lile tunda la miiba lenye harufu kali, ambao marehemu mzee aliuotesha kwa mbegu kutoka Unguja. Miaka yote umekuwa mti wa kivuli tu, majirani wananishauri niukate nipande mchungwa. Mwaka huu umechanua mno kwenye matawi manene, halafu karibu maua yote yakapukutika. Yamebaki matunda mawili. Nitajuaje limeiva? Na maua yalipukutika kwa nini? Mimi doriani sijawahi kulionja, na mama watoto keshasikia habari za harufu, ametangaza kwamba ndani haliingii.

Mpemba wa Bara: Sheikh, usilichume, liache lianguke lenyewe. Ukiliwahi utakuta nyama ngumu isiyo na ladha. Likikaribia, harufu itakufikia kabla hujainua kichwa kulitazama. Mara nyingi huanguka usiku au alfajiri, kwa hiyo tandaza majani makavu chini ya mti lisipasuke. Na watoto wakatazwe kucheza hapo! Lile lina miiba na laweza kufika kilo mbili tatu, likimpata mtu kichwani ni msiba. Likishaanguka, ulile siku hiyohiyo au kesho yake, ukilikalia sana linachachuka.

Ngoja Nione: Nimeshavuta mkeka.

Fundi Miche: Kuhusu maua, mkuu, mdoriani hupukutisha mengi hata huko Thailand wanakoulima kibiashara. Ila kuna jambo la pili. Maua yake hufunguka alasiri kuelekea jioni na chavua hutoka usiku. Nyuki wakiamka asubuhi, kazi imeshapita. Wanaouchavusha hasa ni popo wanaofuata nekta, na nondo kidogo. Halafu midoriani mingi huikataa chavua yake yenyewe, ndiyo maana mti ulio peke yake huzaa kwa kubahatisha. Msimu ujao tafuta chavua ya mti mwingine, upake kwa brashi laini kwenye saa moja au saa mbili usiku. Popo usiwafukuze. Na maji yasituame shinani, maana kuoza mizizi ndiko kunakoua miti hii.

Dada wa Ughaibuni: Nililila Singapore, ambako kwenye treni kuna vibao vya kulikataza, kwa hiyo shemeji ana haki zake 😂 Kulifungua, tazama kitakoni utaona mistari mitano hafifu. Choma kisu hapo, kizungushe kidogo, litaachia. Vaa glavu au shika kwa gunia.

Mkulima wa Jioni: Mrejesho wakuu. Limeanguka usiku wa kuamkia leo, harufu ilitangulia jana mchana na jirani akaja kuuliza kama mtungi wetu wa gesi unavuja. Tumelilia uani. Nyama ni ya manjano, laini kama siagi, tamu sana, halafu kwa nyuma unasikia kitunguu. Kijiko cha kwanza nilitaka kutema. Cha tatu nikawa nakomba ganda. Mama watoto ameonja kwa kuziba pua, akarudia bila kuziba, lakini amri yake ya ndani iko palepale. Sasa mbegu nizianike kwanza ndipo nipande?

Fundi Miche: Usizianike kabisa! Mbegu ya doriani ikikauka imekufa. Osha, panda wiki hiihii kwenye viriba, kivulini. Ila mche wa mbegu hauna dhamana ya kufanana na mama yake, na unaweza kukusubirisha miaka saba hadi kumi au zaidi. Kama hiyo ladha umeipenda, miche ikinenepa kidogo ibebeshe kwa vikonyo vya mti wenu, yaani uiunganishe na vijiti vichanga ulivyokata kwenye mti huo. Mbegu zinazobaki zichemshe zikaive vizuri, zinaliwa. Mbichi msile.

Mpemba wa Bara: Na lile la pili likianguka, nistue. Kutoka Mbagala ni nauli ya daladala tu.