Bima ya safari kwa mama mwenye kisukari na presha anayekwenda Ujerumani

Kaka Mkubwa (Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Mama yetu ana umri wa miaka 67 na anatarajia kwenda Ujerumani kwa siku 90 kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua. Ana kisukari cha aina ya pili, huchoma insulini kila usiku, na anatumia dawa za presha kwa miaka mingi sasa. Wakala ametuonyesha bima ya bei nafuu yenye kinga ya euro 30,000 na kutuhakikishia kwamba ubalozi unaikubali. Nilipoyasoma masharti yake nilikuta kifungu kinachosema kuwa maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya kukata bima hayalipiwi, isipokuwa pale inapotokea dharura ya kuokoa maisha. Je, presha ikimpanda ghafla akalazwa, hiyo itahesabiwa kuwa dharura au ugonjwa wa zamani? Na kadi yake ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, itamfaa chochote huko? Naomba kuwasilisha.

Mtu wa Bima

Ndugu, wakala hakukudanganya, ila amejibu swali la ubalozi badala ya kujibu la kwako. Kanuni ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwamo, inadai kinga isiyopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa ziara, na inayogharimia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya au kwa kifo. Afisa wa viza hukagua hayo. Si kazi yake kupima kama sukari ya mama imo ndani ya mkataba au imeachwa nje. Kadi ya NHIF msiitegemee katika hospitali ya Ujerumani.

Kuhusu kifungu ulichokikuta, kwa kawaida maana yake ni kwamba kampuni hulipa mpaka hali ya mgonjwa itulie, kisha hujitoa. Tuseme presha imesababisha kiharusi: siku za mwanzo za kuokoa maisha zinaweza kulipiwa, lakini mazoezi ya viungo, dawa za kuendelea nazo na kliniki za kufuatilia zikabaki kuwa mzigo wa familia. Zipo pia bima ambazo dharura ya namna hii huwekewa kikomo kidogo kuliko kile kikubwa kilichoandikwa kwenye cheti, na hicho hukioni mpaka ufungue jedwali la mafao. Andikeni barua pepe kwa kampuni yenyewe, si kwa wakala, mtaje maradhi na dawa zote, kisha muulize kwa mfano ulio wazi: akilazwa kwa sababu ya sukari au presha, mtalipa nini, hadi kiasi gani, na gharama za kumrudisha nyumbani zimo? Jibu la mdomo halitawasaidia siku ya madai.

Binti wa Pangani

Naongezea jambo moja ambalo halijasemwa. Kampuni zinazokubali maradhi ya zamani kwa malipo ya ziada mara nyingi hudai kwamba hali ya mgonjwa iwe imetulia kwa muda fulani kabla ya safari, na kubadilishiwa dozi huweza kuhesabiwa kuwa hakutulia, hata kama daktari ameipunguza kwa sababu mgonjwa anaendelea vizuri. Mjomba wangu alikataliwa madai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mama aende kliniki mapema, na dawa ikibadilishwa baada ya bima kukatwa, kampuni iarifiwe kwa maandishi.

Muuguzi, Hamburg

Shikamoo kwa mama. Insulini asafiri nayo kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu kwenye mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena. Barua ya daktari iandike majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara, pamoja na dozi. Hapa hospitali nyingi hupima sukari kwa kipimo cha mg/dl, ilhali mashine nyingi za huko kwetu Tanzania husoma kwa kipimo cha mmol/l. 10 ya kwetu ni 180 ya huku, kwa hiyo msishtuke. Kwa dharura hupigwa 112, na kwa ugonjwa usio wa hatari nje ya saa za kazi hupigwa 116117. Akilazwa, mdogo wako aiarifu kampuni ya bima mara moja kwa namba iliyo kwenye cheti, maana mikataba mingi hudai hivyo.

Kaka Mkubwa (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Je, mdogo wangu anaweza kumkatia bima akiwa hukohuko?

Mtu wa Bima

Anaweza. Kampuni za huko huuza bima za wageni ambazo mwenyeji humkatia mgeni wake, na ubalozi huzipokea zikitimiza masharti yaleyale. Ila wenye umri mkubwa hulipa zaidi, na kifungu cha maradhi ya zamani kimo humo pia, kwa hiyo barua pepe ileile iandikwe kwa kampuni zote mbili kabla hamjalipa popote.