Naomba ushauri: lori lililokwama barabarani karibu na Gede

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Katika barabara kuu ya Malindi kwenda Mombasa, karibu na Gede, kuna lori la mawe ya kujengea lililovunjika ekseli tangu Jumatatu, nalo limeziba nusu ya njia bila pembetatu ya tahadhari, ila matawi ya mwarobaini ambayo yamekwisha kunyauka. Usiku halionekani kabisa. Juzi bodaboda aliyempakia mama na mtoto wake mchanga aliponea chupuchupu, na tangu hapo sijalala vizuri. Mawe yaliyomwagika tumeyaondoa kwa mikono, na nimepiga ripoti kituoni mara mbili, nikaambiwa asubiriwe mwenye gari. Je, mwenye mamlaka ya kuamuru livutwe ni polisi, KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za Kenya) au kaunti? Na tukiweka taa zetu wenyewe usiku, tutakuwa tumevunja sheria?