Raketi za pikoboli: USA Pickleball au UPA-A, tufuate orodha ya nani?

Uluguru

Wakuu, salaam. Klabu yetu hapa Minnesota inaandaa mashindano ya pikoboli (mchezo wa raketi ngumu na mpira wa plastiki wenye matundu) kwa wachezaji wa ridhaa mwezi Septemba: timu 16 za wawili wawili, viwanja 4 vya nje. Hatujayasajili kwa chombo chochote, ila safari hii kuna zawadi, kwa hiyo tunataka kila kitu kiende kwa kanuni.

Kinachotusumbua ni raketi. Wapo wenye muhuri wa USA Pickleball, wapo wenye wa UPA-A (vyombo viwili vinavyopima na kuidhinisha raketi), wapo wenye mihuri yote miwili, na wapo walionunua za bei nafuu mtandaoni zisizo na muhuri wowote. Tena nasikia kuna raketi zilizoidhinishwa halafu zikaja kuondolewa. Tufuate orodha ipi? Na siku yenyewe tunakagua vipi bila maabara?

Refa wa Pembeni

Mkuu, mashindano ni yenu na kanuni mnachagua nyinyi. Ila chagueni orodha moja, muiandike kwa jina kwenye tangazo la usajili kabla mtu hajalipa ada, pamoja na tarehe mtakayoisoma. Ugomvi mwingi wa raketi unaanza pale tangazo linaposema tu "raketi iwe imeidhinishwa" bila kusema na nani.

USA Pickleball ndiyo yenye kitabu cha kanuni ambacho vilabu vingi vya ridhaa Marekani vinakitumia. UPA-A ilianzishwa 2024 upande wa wachezaji wa kulipwa, kwenye mwavuli mmoja na mashindano yao ya PPA Tour na Major League Pickleball, ikaja na upimaji wake na orodha yake.

Wanapoachana hasa ni kwenye mzunguko (mpira kujizungusha hewani, yaani spini) na nguvu. Kwa mzunguko, USA Pickleball inapima ukwaruzo wa uso wa raketi: Rz (wastani wa kimo cha mikwaruzo) isizidi mikromita 30 na Rt (kimo kutoka kilele cha juu kabisa hadi bonde la chini kabisa) isizidi 40. UPA-A inapima mzunguko wenyewe wa mpira unapotoka kwenye raketi. Ndiyo maana raketi moja inaweza kupita huku ikakwama kule, na hakuna aliyedanganya.

Kwa nguvu, USA Pickleball ina kipimo cha PBCoR, yaani kiasi ambacho raketi inaurudisha mpira. Mpira unafyatuliwa kwa mashine ya hewa kwenye raketi iliyobanwa, wanalinganisha mwendo wa kwenda na wa kurudi. Kilianza kwa raketi mpya Novemba 2024. Kisha Julai 1, 2025 baadhi ya aina zilizokuwa zimeidhinishwa zamani zikaondolewa kwa sababu zilivuka kiwango, ikiwemo Gearbox Pro Power Elongated na baadhi ya ProKennex Black Ace. Raketi hizo bado zina muhuri wake. Muhuri unakuambia hali ilivyokuwa siku raketi inatoka kiwandani, basi. Cha kuangalia ni orodha ya leo.

Ushauri wangu: chukueni orodha ya USA Pickleball peke yake. Mkikubali zote mbili, raketi iliyofukuzwa huku itatafuta hifadhi kule, na mezani mtabishana mpaka jua lizame.

Fundi Mpini

Naunga mkono. Naongezea ukaguzi wa mezani. Mtu mmoja makini mwenye simu, rula ya chuma ya sentimita 50 na kalamu ya rangi anatosha.

Kwanza, soma jina la kampuni na la aina kwenye raketi yenyewe, ulitafute neno kwa neno kwenye orodha. Hapa ndipo watu wanapoteleza: aina moja huwa na unene wa milimita 14 na 16, au toleo la pili na la tatu, na moja ipo kwenye orodha nyingine haipo. Raketi isiyo na jina la aina kabisa usihangaike nayo, irudishe.

Pili, pima. Urefu pamoja na kitako cha mpini na ukingo usizidi sentimita 43.18. Urefu ukijumlisha na upana usizidi sentimita 60.96. Raketi ndefu nyingi zinagusa mpaka huo (inchi 16.5 kwa 7.5), kwa hiyo ukingo mnene wa kubandika unaweza kuzivusha. Unene na uzito havina kikomo, usimbane mtu kwa hayo.

Tatu, pitisha kiganja usoni. Msasa uliopigwa nyumbani unaacha mikwaruzo ya upande mmoja inayoonekana ukiinamisha raketi kwenye mwanga. Hiyo hairuhusiwi, iwe na muhuri au isiwe nao.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: raketi iliyoachia ndani. Kiini cha raketi nyingi ni sega la plastiki ya polipropilini, limegandishwa kwa gundi katikati ya nyuso mbili za kaboni. Kwa kupigwa sana, vitundu vya sega vinasagika au gundi inaachia, unabaki uwazi chini ya uso. Hapo uso unaanza kubonyea na kuruka, mpira unatoka kwa kasi ambayo raketi hiyo haikuwa nayo siku iliyopimwa. Wachezaji wakisimama kwenye mistari ya mita 2.13 kila upande wa wavu, kati yao kuna kama mita 4.3 tu. Mpira wa namna hiyo unafika usoni kabla mtu hajainua mkono.

Kuigundua: bonyeza kwa vidole gumba nyuso zote mbili, ukianzia katikati kuelekea juu. Ukisikia kitu kinasagika au uso unaingia ndani, hiyo ni dalili ya kwanza. Halafu gonga kwa kifundo cha kidole sehemu tano au sita; mlio ukibadilika ghafla kuwa mzito na wa uwazi mahali pamoja, tia shaka. Mwisho weka rula ya chuma kwa ubavu juu ya uso, uangalie kama mwanga unapenya chini yake. Dalili mbili kati ya tatu, raketi haichezi. Iliyopita iwekee alama ya kalamu kwenye kitako cha mpini.

Neti Juu

Nyote mko sawa kwa daraja la juu, lakini msiwafukuze wanaoanza. Raketi ya bei nafuu isiyo kwenye orodha mara nyingi ni dhaifu, haimpi mtu faida. Wekeni daraja la wanaoanza ambalo linadai vipimo vya ukubwa na uso usio na msasa tu, muandike hivyo kwenye tangazo. Ukaguzi wa kiini ufanyike kwa wote, kwa sababu huo ni usalama.

Na msisahau mpira, maana watu wanakagua raketi saa nzima halafu wanacheza na mpira uliopasuka. Kanuni inataka kipenyo cha milimita 72.9 hadi 75.4, uzito wa gramu 22.1 hadi 26.5, matundu 26 hadi 40. Wa nje kwa kawaida ni wa matundu 40. Septemba huko kwenu asubuhi ina baridi, na plastiki ngumu ikipata baridi inapasuka kati ya tundu na tundu. Hifadhini mipira ndani mpaka dakika ya mwisho, na mwamuzi auzungushe mpira vidoleni kabla ya kila mchezo. Chagueni aina moja ya mpira kwa viwanja vyote.

Wavu ni sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Wavu wa kukunja hulegea mchana, pimeni tena baada ya chakula.

Uluguru

Asanteni sana. Mawili yamebaki: utepe wa risasi (madini mazito, wa kuongeza uzito) kwenye ukingo unaruhusiwa? Na raketi mbovu ikigundulika mechi ikiendelea?

Refa wa Pembeni

Utepe unaruhusiwa, ila usiingie ndani ya uso zaidi ya sentimita 1.27 kutoka ukingoni. Kubadilisha kishikio pia ruksa.

Kwa kitabu cha USA Pickleball: ikigundulika kabla mechi haijaanza, mchezaji anabadilisha raketi bila adhabu. Mechi ikishaanza, timu yake inapoteza mechi. Mechi ikishaisha na karatasi ya matokeo kurudishwa, matokeo yanabaki. Kwa hiyo anayelalamika alalamike mapema, na meza ya ukaguzi ifunguliwe saa moja kabla ya mechi ya kwanza.

Ila raketi inayoachia katikati ya mchezo bila mwenyewe kujua, hiyo ni bahati mbaya, haifanani na ya aliyekuja na raketi haramu. Iandikieni kanuni yenu ya ziada: abadilishe, pointi zilizopigwa zibaki. Kila mchezaji aje na raketi ya akiba iliyokaguliwa pamoja na ile ya kwanza.